Mlango wa gereji wa rimoti: starehe inayotaka fundi mwenye macho

Zamani mtu aliyerudi nyumbani kutoka ng'ambo alitambulika kwa gari. Siku hizi anatambulika kwa mlango. Pita Kibagabaga au Nyarutarama, hapa Kigali, saa za jioni watu wanaporudi kazini: gari linakata kona, taa zinamulika ukuta, na lango linajisogeza lenyewe kabla zamu hajanyanyuka kitini. Waliokaa Texas, Ontario au Brussels wamekwenda hatua moja mbele. Wamejenga gereji iliyoungana na nyumba, yenye mlango wa vipande unaopanda na kulala chini ya dari, na ndani ya kontena lililobeba makochi na majokofu yao wamepakia pia mota ya kuuvuta mlango huo.

Wafanyabiashara wa mpakani nao hawakulala. Mota hizi zinashuka kutoka Dubai na China, zinapitia Luthuli Avenue mjini Nairobi au Kariakoo mjini Dar es Salaam, kisha zinavuka Rusumo na Gatuna pamoja na televisheni na betri za sola. Nyingine huendelea hadi Bukavu na Bujumbura. Boksi moja lina mota, reli, mnyororo, rimoti mbili na kitabu cha maelekezo ambacho mara nyingi hakifunguliwi. Mnunuzi humwita fundi wa kuchomelea aliyemtengenezea geti, na kazi huanza.

Hapo ndipo penye shida. Mota ya mlango wa gereji ni kifaa kidogo kinachoendesha kitu kizito, na kinakiendesha wakati mwenye nyumba yumo ndani ya gari, redio inaimba, na watoto wanatoka mbio kumpokea baba.

Mlango unaopanda juu uliletwa na Mmarekani aitwaye C. G. Johnson mwaka 1921, na mwaka 1926 akatoa mota ya umeme ya kuufungua. Kwa miaka mingi baada ya hapo mota hizo zilijua mambo mawili tu, kupanda na kushuka. Kama mtoto alikuwa chini, mlango haukujua. Katika miaka ya 1980 makumi ya watoto walikufa Marekani wakiwa wamebanwa chini ya milango ya namna hiyo, hadi bunge la nchi hiyo likapitisha sheria mwaka 1990. Kuanzia tarehe 1 Januari 1993, kila mota ya mlango wa gereji ya nyumbani inayotengenezwa kwa soko la Marekani sharti iweze kugeuza mlango ukigusa kitu, na juu ya hapo iwe na kinga ya pili, ambayo kwa kawaida ni jicho la umeme: vijisanduku viwili vinavyotazamana kwenye miimo ya mlango, kimoja kinatuma mwali usioonekana na kingine kinaupokea. Mwali ukikatwa, mlango unaoshuka husimama na kurudi juu.

Kwa hiyo jambo la kwanza kwa anayenunua mtumba, au anayeuza, ni kutazama kibandiko cha mwaka. Mota iliyotengenezwa kabla ya 1993 haina thamani hata ukipewa bure. Isiyo na jicho lake ndani ya boksi nayo ni ya kurudisha. Mfanyabiashara anayefungua boksi ili auze macho hayo peke yake kama vipuri, na mota peke yake, ajue anachokiuza.

UMEME WETU SI UMEME WAO

Marekani na Kanada nyumba hutumia umeme wa volti 120, na mkondo wao hupigapiga mara 60 kwa sekunde. Huku kwetu, kuanzia Mombasa hadi Bukavu, ni volti 220 hadi 240, mara 50 kwa sekunde. Mota iliyonunuliwa dukani Marekani ukiichomeka moja kwa moja kwenye soketi ya Kigali inaungua papo hapo, na harufu yake utaikumbuka.

Wapo wanaosema dawa ni transfoma ya kushusha umeme. Ni kweli kwamba transfoma itashusha volti 230 hadi 120, lakini haiwezi kubadili zile mara 50 ziwe 60. Mota za aina ya zamani, zinazotegemea mapigo hayo, zitazunguka pungufu kwa sehemu moja ya sita na zitapata joto kuliko zilivyokusudiwa. Zile mpya ambazo ndani yake hugeuza umeme kuwa wa moja kwa moja, kama wa betri, huvumilia zaidi. Kwa maoni yangu, anayeweka bei ya transfoma nzuri, fundi wa kuifunga na wasiwasi wa kila siku kwenye mizani, ataona ni heri auze mota ya Marekani kwa mtu anayeihitaji kwa vipuri na kununua iliyotengenezwa kwa volti 230. Ulaya, Afrika Kusini na China wanazitengeneza, na zimejaa sokoni.

Rimoti nazo zina lugha zake. Nyingi za Marekani huzungumza kwenye masafa ya megahezi 315 au 390, za Ulaya kwenye 433 au 868. Rimoti ya ndugu yako aliyeko Dallas haitafungua mlango wa mota ya Italia hata mkiwa na kampuni moja. Muuzaji anayechanganya rimoti na mota za maboksi tofauti hupoteza mteja.

Kisha kuna plagi, jambo dogo linaloua. Kenya na Uganda wanatumia plagi ya Kiingereza yenye pini tatu nene. Rwanda, Burundi na Kongo soketi nyingi ni za pini za mviringo. Bidhaa iliyovuka mpaka hufika na plagi isiyoingia, na mtu hukata pini ya tatu au hununua adapta ya pini mbili. Pini hiyo ya tatu ndiyo aithi, waya unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Mota ya gereji imefungwa kwenye chuma, chuma kimeshikana na mlango, na mlango ni wa chuma. Aithi ikikosekana na waya ukachubuka ndani, nyumba nzima ina mlango wenye shoti, na mtu wa kwanza kuushika ni yule aliyetoka kuosha gari akiwa peku.

Kwa hiyo badilisha soketi, usikate plagi. Mota iwe na soketi yake darini, karibu, yenye aithi ya kweli iliyopimwa na fundi umeme mwenye kibali. Waya wa kurefusha unaoning'inia kutoka sebuleni si wa kazi hii.

Tusisahau radi. Eneo hili la Maziwa Makuu ni miongoni mwa yanayopigwa na radi kuliko yote duniani: utafiti wa picha za satelaiti uliotolewa mwaka 2016 uliweka Kabare, upande wa Kongo karibu na Bukavu, nafasi ya pili duniani nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela. Kadi ya umeme iliyomo ndani ya mota haipendi radi hata ya mbali. Kifaa cha kuzuia mshtuko wa umeme kwenye laini ya mota kinagharimu kidogo kuliko kadi mpya.

MLANGO KWANZA, MOTA BAADAYE

Watu wengi hudhani mota ndiyo inayonyanyua mlango. Sivyo. Mlango hunyanyuliwa na springi. Mota huusukuma tu, kama mtu anayesukuma mkokoteni uliokwisha kupata mwendo. Ndiyo maana mota ya nusu nguvu ya farasi inaweza kuendesha mlango wa magari mawili.

Basi kabla ya kufungua boksi, jaribu mlango kwa mikono. Uinue hadi usawa wa kiuno kisha uuachie taratibu, huku miguu yako ikiwa mbali. Mlango uliosawazishwa vizuri hubaki pale pale, au hutembea kidogo sana. Ukianguka, springi ni dhaifu au si za uzito huo. Ukiruka juu, zimekazwa kupita kiasi. Mlango wa namna hiyo usifungiwe mota hata kidogo, kwa sababu mota italazimishwa kubeba, na fundi atakayeona inashindwa ataongeza nguvu kwenye skrubu ya marekebisho. Mlango utapanda, mteja atafurahi, na ile kinga ya kugeuka ukigusa kitu itakuwa imekufa.

Hili linatuhusu sana sisi tunaochomelea milango mitaani. Bati la chuma la unene wa milimita moja na nusu lina uzito wa karibu kilo 12 kwa mita ya mraba. Mlango wa upana wa mita tano na kimo cha mita mbili na nusu una mita za mraba kumi na mbili na nusu, yaani kilo 150 za bati peke yake, kabla ya fremu, bawaba na yale maua ya chuma tunayoyapenda. Milango inayouzwa na mota hizi Marekani hutengenezwa kwa bati jembamba sana, na mwingi wa magari mawili hauzidi kilo 100. Fundi anayetaka kuiga mlango wa Marekani kwa bati la geti la Kigali lazima kwanza apige hesabu ya springi, la sivyo anajenga jiwe linaloning'inia. Na mlango wa mabawa mawili unaofunguka kwa bawaba hauhitaji mota hii kabisa. Una mota zake za mikono.

Springi zenyewe zipo za aina mbili. Kuna zilizosokotwa juu ya mtaimbo unaopita juu ya mlango, na kuna ndefu zinazonyooka kandokando ya reli. Zile za juu ya mtaimbo zimebeba nguvu ya mlango mzima hata mlango unapokuwa umefungwa na kimya. Anayezilegeza kwa spana au bisibisi badala ya fito maalumu za chuma anaweza kuvunjika mkono au kupoteza jicho. Hapa sina mzaha: kila kazi nyingine katika makala hii mwenye nyumba mwangalifu anaweza kuisimamia, lakini hii amwachie aliyewahi kuifanya. Springi ndefu za kando nazo zipitishiwe waya wa chuma katikati na kufungwa ncha zote mbili, ili siku ikikatika isiruke kama mshale ndani ya gereji. Springi ya kawaida hutengenezwa kwa safari elfu kumi za kufungua na kufunga. Nyumba inayofungua mara nne kwa siku itazimaliza kwa karibu miaka saba.

KUFUNGA

Ondoa kamba zote zilizokuwa za kuvutia mlango kwa mkono, maana mtoto hunaswa nazo, na ondoa au lemaza komeo za zamani. Mota ikivuta mlango uliofungwa kwa komeo, kitakachopinda ni mlango.

Bracketi ya mbele, pale reli inapoanzia, hufungwa juu ya katikati ya mlango. Nyumba za Marekani ni za mbao na maelekezo ya boksi husema tumia skrubu za mbao. Sisi tuna matofali na plasta. Bracketi ikamate kwenye linta ya zege kwa boliti za kupanuka, si kwenye tofali lenye matundu na si kwenye plasta. Upande wa nyuma mota hutundikwa kwa vyuma vya pembe kutoka kwenye zege la juu au kwenye kenchi. Silingi bodi haibebi mota. Inaweza kuibeba wiki moja, kisha mitetemo hulegeza skrubu na mota huja chini juu ya boneti. Urefu kutoka sakafuni hadi kwenye mota usipungue mita mbili na sentimita kumi.

Macho ya umeme yafungwe sentimita 15 tu kutoka sakafuni, si zaidi. Fundi wengi huyapandisha hadi magotini ili yasigongwe na ndoo, lakini kwa kimo hicho mtoto anayetambaa hupita chini ya mwali. Lingine ni jua. Sisi tuko karibu na ikweta, na gereji inayotazama mashariki au magharibi hupigwa na jua la chini asubuhi au jioni. Jua likiingia moja kwa moja kwenye jicho linalopokea, mota hudhani kuna kitu na kukataa kufunga. Weka jicho linalopokea upande ulio kivulini saa hizo, na lile linalotuma upande wa jua. Vumbi la kiangazi nalo lifutwe kwa kitambaa laini.

Nayasema haya kwa sababu mlango unapokataa kufunga kwa ajili ya jua au vumbi, ndipo ule ufundi wa aibu unapoanza. Macho yote mawili hung'olewa mlangoni, yakafungwa pamoja kwa utepe darini yakitazamana kwa umbali wa kiganja. Mota hudanganyika, mlango hufunga bila kusumbua, na fundi huondoka na pesa yake. Hata Marekani ufanyaji huu upo. Ukiingia gereji yako na kukuta vijisanduku hivyo viko juu ya mota, mwite fundi huyo arudi siku hiyo hiyo.

Swichi ya ukutani iwe mita moja na nusu kutoka sakafuni, ambako mkono wa mtoto haufiki, na iwe mahali ambapo anayeibonyeza anauona mlango wote. Rimoti isikae kwenye kishada cha funguo wanachochezea watoto. Kamba nyekundu ya dharura, inayotenganisha mlango na mota, ining'inie kama mita moja na sentimita themanini kutoka sakafuni, na kila mtu mzima wa nyumba aijue. Ivutwe mlango ukiwa umefungwa. Ukiivuta mlango ukiwa juu na springi imekatika, mlango wote unashuka kwa kishindo.

Kamba hiyo ina historia yake. Oktoba 2017 moto wa misitu ulipoteketeza mitaa ya kaskazini mwa California, umeme ulikatika na baadhi ya wakazi, hasa wazee, walishindwa kuinua milango ya gereji ili watoroke na magari. Jimbo hilo likatunga sheria: kuanzia tarehe 1 Julai 2019 mota zinazouzwa huko ziwe na betri ya akiba. Kwetu umeme hukatika bila moto wowote, kwa hiyo betri isihesabiwe kuwa anasa. Na kama gereji yako haina mlango mwingine wa miguu, hakikisha kuna ufunguo wa nje wa kuachia mlango, la sivyo siku betri imekufa utalala kwenye gari.

Ukimaliza, jaribu. Laza ubao wa unene wa sentimita nne sakafuni katikati ya njia ya mlango, kisha funga kwa rimoti. Mlango ukigusa ubao urudi juu ndani ya sekunde mbili. Ukiendelea kukandamiza, punguza nguvu. Ukishindwa kurekebisha, chomoa plagi na utumie mikono hadi fundi aje. Halafu pitisha boksi tupu mbele ya macho mlango ukishuka. Fanya hivyo kila mwezi. Ni kazi ya dakika tano.

Kwa wenye mota za mtumba kuna jambo la ziada. Kumbukumbu ya mota hushika rimoti zote zilizowahi kufundishwa. Ifute yote kabla ya kuitumia, kisha uifundishe rimoti zako upya. Zile za zamani zenye vijiswichi vidogo ndani hutuma namba ile ile kila siku na mtu mwenye kifaa cha kunakili huichukua akiwa barabarani. Nunua zinazobadili namba kila unapobonyeza.

NA GETI LA RELI?

Wasomaji wengi hawana gereji ya kuungana na nyumba bali wana geti la kuteleza, na hilo linaweza kuwa baya zaidi kwa kuwa ni zito na lipo njiani. Kiangazi cha mwaka 2010, ndani ya wiki moja, wasichana wawili wadogo walikufa Uingereza wakiwa wamebanwa na mageti ya umeme, mmoja Manchester na mwingine Bridgend huko Wales. Baada ya hapo mamlaka ya usalama kazini ya nchi hiyo ilitoa maonyo kwa wafungaji wa mageti. Sehemu ya hatari ni pale geti linapokutana na nguzo, na pia nyuma, pale linapopita kando ya ukuta. Macho ya umeme yanahitajika pande zote mbili, pamoja na mpira wenye hisia kwenye ncha ya geti.

Kuna ajali nyingine ambayo haihitaji hata mota: geti kuchomoka kwenye reli na kumwangukia mtu. Hutokea pale ambapo mwisho wa reli hakuna kizuio, au roli za juu zinazolishika zimelegea. Kipande cha chuma cha pembe kilichochomelewa na kufungwa kwa boliti kila mwisho wa reli ni kazi ya saa moja. Ajaribiwe nacho fundi: msukume geti kwa mkono hadi mwisho kwa nguvu, na likisimama bila kutikisika mwilipe.

Lililobaki ni kuhusu vitu vinavyowekwa gerejini. Nyumba nyingi za mpakani gereji ni bohari. Mwaka 2024, foleni za mafuta zilipokuwa ndefu Bujumbura, madumu ya petroli yalilala katika gereji nyingi. Mvuke wa petroli hutambaa chini na kujaa, na swichi za ndani ya mota hutoa cheche kila mlango unapofunguka. Petroli na mota ya umeme visikae chumba kimoja. Jenereta nayo ikae nje kabisa, si gerejini mlango ukiwa wazi nusu, kwa kuwa moshi wake huingia vyumbani kupitia mlango ule ule wa ndani uliojengwa ili usinyeshewe ukitoka kwenye gari.